Msaada ndani ya programu: chombo gani kinafaa pale intaneti isipoaminika?

Swali: Sisi ni watengenezaji programu watatu mjini Morogoro. Tumeunda programu ya Windows, kwa lugha ya C#, inayotunza hesabu za vyama vya akiba na mikopo: hisa, akiba, mikopo na marejesho. Katika ofisi nyingi programu huwekwa kwenye folda ya pamoja ya kompyuta moja, na makarani wengine huifungua kupitia mtandao wa ndani. Intaneti ni ya kusuasua, na baadhi ya kompyuta bado zina Windows 7. Wateja wanataka msaada unaofunguka humo humo ndani ya programu, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kiingereza baadaye. Mmoja wetu anataka tununue RoboHelp au MadCap Flare, vyombo vya kulipia vya kuandikia msaada, wa pili anasema faili la CHM, yaani muundo wa msaada wa Microsoft, linatosha, na wa tatu anapendekeza video. Tuchague kipi?

Jibu: Ndugu msomaji, katika hali uliyoieleza ningeandika msaada wote kwa matini ya kawaida, katika mafaili yanayokaa pamoja na msimbo wa programu, nikayageuza kwa Sphinx, chombo cha bure cha kuandalia maelezo, kuwa kurasa za HTML, yaani kurasa za kivinjari, nikazifunga kurasa hizo ndani ya kifurushi kile kile cha usakinishaji, na kufanya kitufe cha F1 kifungue ukurasa unaohusu dirisha ambalo karani analitumia wakati huo. Leseni ya RoboHelp au Flare nisingeinunua sasa, CHM nisingeitegemea, na video ningeiweka kando kwa ajili ya mafunzo ya karani mpya. Sababu zake nazieleza kwa kirefu, kwa kuwa hali yenu itabadilika siku moja, na siku hiyo mtahitaji kuupima uamuzi huu upya wenyewe.

Wengi huchagua chombo cha kuandikia msaada kwa kuangalia siku ya kwanza: kinavyopendeza, kinavyopanga yaliyomo, kinavyotoa kurasa nzuri kwa kubofya mara moja. Swali langu la kwanza huhusu siku nyingine, ile ambayo dirisha moja la programu litabadilika. Kitufe cha kuidhinisha mkopo kimehamishwa, au chama kimebadili namna ya kukokotoa faini ya rejesho lililochelewa. Ni nani atakayeurekebisha ukurasa wa msaada siku hiyo hiyo, na kwa kompyuta ipi? Ikiwa ni mtu mmoja tu, kwa kuwa ndiye pekee mwenye leseni na ndiye pekee anayekifahamu chombo, basi msaada utaachwa nyuma na programu ndani ya matoleo machache. Karani akishakuta mara mbili au tatu kwamba ukurasa unaeleza kitufe ambacho hakipo, hatabonyeza F1 tena. Atapiga simu kwenu, na kazi yote ya kuandika itakuwa imepotea. Kwa timu ya watu watatu, kwa hiyo, sifa ninayoitanguliza ni kwamba yeyote kati yenu aweze kufungua maelezo kwa kihariri kile kile anachoandikia msimbo, ayabadilishe katika badiliko lile lile la Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, linalobadilisha dirisha, na mwenzake aone yote mawili anapokagua.

Sifa ya pili ni umri wa muundo wa faili. Mwaka 1990 Windows 3.0 ilikuja na mfumo wa msaada ulioitwa WinHelp, wenye mafaili ya .hlp, na kwa miaka mingi programu nyingi za Windows ziliutumia. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, kisomaji cha mafaili hayo hakikuwemo tena; mtumiaji alilazimika kukipakua mwenyewe kutoka Microsoft, na Windows 10 ilipofika mwaka 2015 haikupewa kisomaji hicho hata kwa kupakua. Waliokuwa wamehifadhi maandishi yao ya asili waliweza kuyahamishia kwenye muundo mpya, lakini waliobaki na faili la .hlp peke yake walikuwa na kazi ngumu ya kulifumua. Programu ya hesabu inaweza kutumika miaka kumi na tano katika chama kimoja, muda mrefu kuliko miundo mingi ya msaada inavyodumu. Matini ya kawaida yenye alama chache za kuonyesha vichwa vya habari na orodha itasomeka hata kama Sphinx yenyewe itaachwa.

Sasa niichukue CHM, maana aliyeipendekeza ana hoja ya kweli. Microsoft iliitoa mwaka 1997 pamoja na Internet Explorer 4, na uzuri wake haujapitwa: faili moja tu, lenye yaliyomo upande wa kushoto, faharasa, utafutaji unaofanya kazi bila intaneti, na namba za mada ambazo programu inaweza kuziita moja kwa moja. Bado linafunguka katika Windows 10 na Windows 11. Kama programu yenu ingekuwa imesakinishwa kwenye diski ya kila kompyuta, ningesita kabla ya kumpinga mwenzenu. Lakini umesema kwamba katika ofisi nyingi programu iko kwenye folda ya pamoja, na hapo ndipo CHM inaposhindwa. Mwaka 2005 Microsoft ilitoa sasisho la usalama linalozuia maudhui ya CHM yaliyofunguliwa kutoka kwenye kompyuta nyingine ya mtandao. Dalili yake humchanganya mtumiaji: dirisha la msaada linafunguka, yaliyomo yanaonekana kushoto, na upande wa kulia anaambiwa kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Faili lililopakuliwa kutoka intaneti au kupokelewa kwa barua pepe hupatwa na jambo linalofanana na hilo, mpaka mtu afungue sifa za faili na kuondoa kizuizi kwa mkono. Unaweza kubadili mpangilio wa rejista ya Windows ili kuruhusu, lakini kufanya hivyo ni kulegeza usalama wa kompyuta zinazotunza fedha za wanachama kwa ajili ya kurasa za msaada, na siwezi kulishauri hilo. Zaidi ya hayo, CHM huchora kurasa zake kwa injini ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha tarehe 15 Juni 2022, na chombo cha asili cha kuitengeneza, HTML Help Workshop, hakijaendelezwa kwa miaka mingi.

Kuhusu RoboHelp na Flare, sitaki udhani kwamba ni vyombo vibaya. RoboHelp ilizaliwa katika kampuni ya Blue Sky Software mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikapita mikononi mwa Macromedia, na leo ni mali ya Adobe. MadCap Software ilianzishwa mwaka 2005 na watu waliotoka katika kazi hiyo hiyo ya RoboHelp. Vyombo hivi viliundwa kwa ajili ya idara zenye waandishi ambao kazi yao ya kila siku ni maelezo tu. Kampuni yenye bidhaa kumi zinazokaribiana inaweza kuandika aya moja mara moja na kuitumia katika miongozo yote, ikaweka masharti kwamba sentensi hii ionekane kwa toleo la benki na isionekane kwa toleo la chama, ikatoa kitabu cha PDF na kurasa za mtandao kutoka chanzo kimoja. Mkifika huko, vitawafaeni. Kwa sasa mna bidhaa moja na hamna mwandishi wa kudumu, na leseni hizi hulipwa kwa dola kila mwaka kwa kila mtumiaji. Fedha hiyo ningeitumia kumlipa mtu anayewafundisha makarani kutumia programu yenu, akae na ninyi wiki kadhaa na kuandika rasimu za kurasa. Yeye anajua mahali karani anapokwama. Ninyi mliounda programu hamwezi tena kupaona.

Kama mtu huyo atakataa kabisa kuandika kwa alama za matini na anataka kuona ukurasa kama unavyoonekana katika Word, kuna njia ya kati ya vyombo kama Help & Manual na HelpNDoc, ambavyo ni vya Windows na hutoa HTML, PDF na CHM kutoka mradi mmoja. Kabla ya kununua chochote cha aina hiyo, hakikisha jambo moja tu: kwamba mradi unaweza kuhifadhiwa kama mafaili ya maandishi ambayo Git itaonyesha mstari uliobadilika, na kwamba unaweza kuutoa wote kwenda muundo mwingine bila kuomba ruhusa ya muuzaji. DITA, kiwango cha kuandika maelezo kwa mada ambacho kilianzia IBM na kuidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005, kina sifa hizo zote, lakini mzigo wake ni mkubwa mno kwa watu watatu, na sitaendelea nacho.

Vyombo vya mtandaoni vinavyoweka puto za maelekezo juu ya skrini, kama WalkMe na Pendo, vimeundwa hasa kwa programu zinazoishi kwenye kivinjari na vinategemea intaneti. Pia hupeleka taarifa za mwenendo wa mtumiaji kwenye seva za nje. Kwa ofisi zenye taarifa za mikopo za watu, hilo peke yake linatosha kuviondoa. Video nayo ina mahali pake, kwa sababu humwonyesha mgeni mtiririko mzima wa kazi, tangu maombi ya mkopo hadi fedha kutoka. Hata hivyo, karani aliyekwama mbele ya mwanachama aliyesimama dirishani hana dakika sita za kutazama, hawezi kutafuta neno ndani ya video, na kitufe kimoja kikibadilika inabidi urekodi upya.

Sasa turudi kwenye pendekezo langu. Sphinx ilitengenezwa na Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya lugha ya Python, na leo hata maelezo ya kiini cha Linux huandaliwa kwayo. Haina gharama na leseni yake ni huru. Python inahitajika katika kompyuta ya anayeandaa msaada peke yake. Kompyuta za wateja hazihitaji kitu zaidi ya kivinjari. Maandishi yake ya asili huandikwa kwa alama za matini ziitwazo reStructuredText, na kwa kiongezi cha MyST unaweza kutumia alama nyepesi zaidi za Markdown, ambayo nadhani nyote mnaifahamu tayari. Kutoka chanzo hicho kimoja hutoa kurasa za HTML, kitabu cha PDF kwa njia ya LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za kuchapa, kitabu cha kielektroniki cha EPUB, na hata mradi wa CHM, endapo kutatokea mteja mmoja mwenye kompyuta iliyojitenga anayeitaka. Njia hii si ngeni kwa mifumo inayotumika kwetu: maelezo ya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huandikwa kwa Markdown na kugeuzwa kuwa kurasa kwa chombo cha jamii hiyo hiyo kiitwacho MkDocs.

Utaniuliza kwa nini Sphinx na si MkDocs, ambayo ni rahisi zaidi kujifunza. Sababu ni ofisi zako zisizo na intaneti. Ukurasa ukifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, bila seva ya wavuti, vivinjari vya leo huuzuia usiombe faili jingine kwa msimbo wake, na utafutaji wa vyombo vingi vya kisasa hutegemea ombi la namna hiyo ili kupata faharasa ya maneno. Matokeo yake ni kwamba kwenye kompyuta yako unapojaribu kila kitu ni sawa, kwa sababu unatumia seva ndogo ya majaribio, na ukifika kwa mteja kisanduku cha kutafuta kinakaa kimya. Sphinx huweka faharasa yake ndani ya faili la JavaScript ambalo ukurasa hulipakia kwa njia ya kawaida, kwa hiyo utafutaji hufanya kazi hata kwenye diski. MkDocs inaweza kurekebishwa ifanye hivyo kwa viongezi, lakini napendelea kitu kinachofanya kazi kilivyo. Vyovyote mtakavyochagua, kagueni pia mwonekano mnaoutumia: baadhi ya mandhari huita fonti kutoka seva za Google, na ukurasa hubaki ukisubiri kitu kisichokuja.

Windows 7 inahitaji tahadhari yake. Msimbo wa utafutaji wa Sphinx za sasa hauendani na Internet Explorer, kwa hiyo kompyuta isiyo na kivinjari kingine itaonyesha kurasa lakini haitatafuta. Chrome 109 na Firefox 115 ya matengenezo ya muda mrefu ndizo za mwisho kukubali Windows 7, na mojawapo iwekwe pale mnapokwenda kusakinisha. Kwa sababu hiyo hiyo nisingetumia WebView2, yaani kile kijenzi cha Microsoft kinachoweka kivinjari ndani ya dirisha la programu yenu. Ni kizuri sana, na kina njia ya kuipa folda ya kawaida jina la tovuti ya kubuni ili vizuizi nilivyovitaja visiwepo, ila matoleo yake mapya yameiacha Windows 7 tangu mwaka 2023. Fungueni msaada katika kivinjari cha kawaida cha kompyuta. LibreOffice, ambayo ni programu kubwa kuliko yetu sote, ilianza katika toleo la 6.0 la mwaka 2018 kutoa msaada wake kama kurasa za HTML za kusomwa kwenye kivinjari, na karani hapungukiwi kitu kwa dirisha kuwa la kivinjari.

Kuunganisha F1 ndipo penye kazi ya msimbo, na ni ndogo. Lipe kila dirisha la programu jina la kudumu lisilotegemea kichwa kinachoonekana juu yake, kwa mfano mkopo-mpya, rejesho-ingiza, mwezi-funga, na ukurasa wa msaada wa dirisha hilo uitwe jina hilo hilo. Katika Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kuunda madirisha kwa C#, F1 ikibonyezwa tukio la HelpRequested hutokea. Tukio hilo lisome jina la dirisha na kufungua faili linalolingana nalo. Kama mnatumia matoleo mapya ya .NET, jukwaa linaloendesha programu za C#, kumbukeni kuweka UseShellExecute, mpangilio unaoiachia Windows ichague programu ya kufungulia faili, kuwa kweli, kwa maana bila hivyo faili la HTML halitafunguka. Kuna mtego mwingine ambao huwapotezea watu muda mwingi: Windows inapokabidhi faili la diski kwa kivinjari, sehemu ya anwani inayofuata alama ya reli (#) mara nyingi hupotea njiani, na mtumiaji huangukia juu kabisa ya ukurasa mrefu. Kwa hiyo msitegemee kuruka katikati ya ukurasa. Andikeni mada moja katika faili moja, fupi.

Mawasiliano haya kati ya msimbo na kurasa ndiyo yanayovunjika kimyakimya, na ndiyo ninayokusihi uyalinde kwa mashine. Andikeni jaribio dogo linalopitia madirisha yote ya programu, likusanye majina yao, na lishindwe iwapo dirisha lolote halina ukurasa wake au ukurasa hauna dirisha. Kwa upande wake, Sphinx hutoa onyo kiungo cha ndani kikivunjika au ukurasa ukisahauliwa nje ya yaliyomo; iendesheni kwa chaguo la -W ili kila onyo lihesabiwe kuwa kosa na toleo lisitoke. Kwa masharti hayo mawili, mtengenezaji anayeongeza dirisha jipya hawezi kutoa toleo kabla ya kuandika walau maneno machache ya kulieleza.

Msiishie kwenye F1. Katika kompyuta nyingi za mkononi kitufe hicho hupunguza mwanga au sauti mpaka ushikilie Fn, na makarani wengi hawakijui kabisa. Wekeni kitufe kinachoonekana cha "Msaada" mahali pale pale katika kila dirisha. Muhimu zaidi, kila ujumbe wa kosa uwe na kitufe kama hicho kinachokwenda kwenye ukurasa wa kosa lenyewe. Karani anayeona kwamba "mdhamini hana akiba ya kutosha" anahitaji kujua mara moja akiba hiyo inakokotolewaje, na ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu. Ningeanza kuandika kurasa za makosa kabla ya kurasa za madirisha, kwa sababu mtu hutafuta msaada pale kazi inapokwama.

Utafutaji kwa Kiswahili unastahili kuzungumzwa peke yake, maana hakuna chombo kati ya hivi vyote, cha bure au cha kununua, kitakachowafanyieni kazi hii. Injini za utafutaji za vyombo hivi hupunguza maneno hadi shina kwa kanuni za lugha fulani, na Sphinx haina kanuni za Kiswahili. Isipoijua lugha, hutumia za Kiingereza, ambazo hukata mwisho wa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni na mwishoni pia. Karani akiandika "lipa", ukurasa wenye "malipo", "amelipwa" na "yaliyolipiwa" hauna uhakika wa kutokea. Sphinx hujaribu kutafuta kipande cha neno pale neno zima lisipopatikana, na hilo husaidia kiasi, lakini "lip" na "lipa" si kitu kimoja kwake. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: dirisha lenu limeandikwa "Marejesho", na karani anatafuta "kurudisha mkopo" au "kulipia deni". Dawa ya yote mawili ni faharasa iliyoandikwa kwa mkono. Juu ya kila ukurasa wekeni maneno matano hadi kumi ambayo mtu angeyatumia, yakiwemo yale ambayo ninyi hamyatumii katika programu. Sphinx ina agizo la faharasa linalokusanya maneno hayo katika ukurasa mmoja kwa mpangilio wa alfabeti, na mkiyaandika pia ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye mstari wa "tazama pia kama", utafutaji utayaona.

Maneno hayo yatoke wapi? Yatoke kwenye simu. Kwa miezi miwili ijayo, kila anayepokea simu ya mteja aandike katika daftari sentensi ya mteja kama alivyoisema, kabla ya kuitafsiri katika lugha ya programu. Daftari hilo litawapeni maneno ya faharasa, na pia litawapeni mpangilio wa yaliyomo, kwa sababu mtaona kwamba maswali mengi yanahusu kazi chache: kusahihisha rejesho lililoingizwa kwa mwanachama asiye wake, kufunga mwezi wakati tawi moja halijaleta taarifa, riba iliyobadilika katikati ya mkopo. Kurasa hizo ziandikwe kwanza na kwa undani. Dirisha la kubadili rangi ya skrini linaweza kubaki na mistari miwili.

Picha za skrini zitumieni kwa uchache, kwa kuwa ndizo zinazochakaa mapema na ndizo zinazojaza kifurushi. Maandishi ya kurasa mia moja ni mepesi mno ukilinganisha nazo. Mnapozipiga, tumieni hifadhidata ya majaribio yenye wanachama wa kubuni. Nimeona mwongozo wa mfumo fulani ukiwa na majina, namba za simu na madeni ya watu halisi, na umesambazwa kwa kila ofisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata bila sheria hizo deni la mtu si mfano wa kufundishia.

Kwa habari ya Kiingereza, Sphinx hutenga kila aya katika mafaili ya .po, yale yale yanayotumika kutafsiri programu nyingi huria. Aya ya Kiswahili ikibadilika, tafsiri yake huwekewa alama kwamba inahitaji kupitiwa, kwa hiyo mtafsiri hulazimika kusoma kilichobadilika tu. Msianze tafsiri mapema. Subirini mpaka kurasa za Kiswahili zipite katika matoleo mawili ya programu bila kuandikwa upya, la sivyo mtalipa kazi ile ile mara mbili. Katika mipangilio wekeni lugha ya kurasa kuwa sw, yaani alama ya Kiswahili, ili kivinjari kisimwombe karani ruhusa ya kuutafsiri ukurasa ambao tayari uko katika lugha yake, na maneno machache ya Kiingereza yaliyomo kwenye kiolezo, kama vile ya kutafuta na ya kwenda ukurasa unaofuata, yabadilisheni wenyewe.

Faida moja ya kufunga kurasa ndani ya kifurushi inafaa uwaeleze wenzako waziwazi, kwa maana mtu atakuja na wazo la kuweka msaada kwenye tovuti tu ili kurahisisha kusasisha. Vyama havisasishi programu kwa siku moja. Tawi ambalo bado lina toleo la mwaka jana likifungua msaada wa tovuti, litasoma maelezo ya toleo ambalo halina. Kurasa zilizosafiri pamoja na programu husema kile ambacho programu hiyo inafanya. Folda hiyo hiyo mnaweza kuipandisha kwenye tovuti pia, kwa wenye intaneti na kwa wanaofikiria kununua, mradi kila toleo liwe na anwani yake.

Kabla hamjafunga mjadala wenu, jaribuni kwa kiasi kidogo. Chukueni madirisha matatu magumu kuliko yote, yaandikieni kurasa, wekeni faharasa, unganisheni F1, kisha sakinisheni kwenye folda ya pamoja ya ofisi moja ya kweli. Nendeni kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote katika ofisi hiyo, chomoeni waya wa intaneti na kuuacha wa mtandao wa ndani, na mwombeni karani asahihishe rejesho lililokosewa bila ninyi kusema neno. Andikeni neno la kwanza analolitafuta. Mwenzenu anayependa CHM na aitayarishe kwa madirisha hayo hayo matatu, mahali pale pale, kwa kuwa Sphinx itamtolea mradi wake bila kuandika upya; atakachokiona upande wa kulia wa dirisha kitamaliza hoja kwa haraka kuliko barua yangu.